Mfumo wa Pili ni Hitaji la Nani?

Mwaka 1994 Umberto Eco, mwandishi na mwanafalsafa wa Italia, aliandika jaridani kwa mzaha kwamba watumiaji wa kompyuta wamegawanyika kimadhehebu. Macintosh, alidai, ni Katoliki: humshika muumini mkono ikamwongoza hatua kwa hatua mpaka wokovu, yaani mpaka waraka wake utoke kwenye printa. DOS ni Protestanti: kila mtu ajisomee maandiko, ajiamulie mwenyewe, na akubali kwamba si wote watakaookoka. Windows akaiweka karibu na Waanglikana, ibada ya fahari mbele huku mlango wa nyuma wa kurudia DOS ukiachwa wazi. Ukambani, mashariki mwa Kenya, mzaha huu hauhitaji kufafanuliwa. Nzaui, katika Makueni ya leo, ndiko wamishonari wa Kiprotestanti wa Africa Inland Mission walikoanzia kazi mwaka 1895, na kanisa lao la AIC lina mizizi mirefu huko hadi sasa. Kitui ni jimbo la Kikatoliki tangu 1964. Watu wa pande hizo huoana, huzikana, huketi kwenye kamati moja ya maji, na hakuna anayetakiwa awe wa madhehebu yote mawili. Kila mmoja ana lake na linamtosha. Basi na kwenye kompyuta vilevile: ikiwa mfumo endeshi mmoja unamtosha mtu, na ikiwa siku hizi karibu kila shughuli inafanyika kwenye simu au ndani ya kivinjari, kuna haja gani ya kuendelea kuwa na mifumo zaidi ya mmoja?

Jibu la haraka ni kwamba haja hiyo imekwisha, na wanaolitoa si wajinga. Mhudumu wa saiba mjini Wote au Mwingi ana foleni ya watu: huyu anataka cheti cha tabia njema, yule barua yake ya kuomba kazi ichapwe, mwingine ana fomu ya mkopo wa wanafunzi wa HELB inayofungwa usiku wa leo. Anachohitaji ni mashine inayowaka, printa inayoitika, na fundi wa karibu anayezijua kasoro zake. Fundi huyo kajifunza Windows. Wateja nao walifundishwa Windows shuleni, wale waliofundishwa chochote. Mfumo wa pili kwake ni muda wa kujifunza, printa itakayogoma, na mteja atakayeondoka akinung'unika kwamba vitufe havipo vilipozoeleka. Naikubali hoja hii yote isipokuwa hitimisho lake. Inathibitisha kwamba mhudumu huyo hahitaji mifumo miwili. Haithibitishi kwamba mji wa Wote hauihitaji, na hayo ni mambo mawili ambayo mjadala wa watu wa kompyuta huyachanganya kila mara.

Mtu wa kututenganishia mambo hayo alizaliwa Mulago, Kitui, mwaka 1931. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alishikilia kwamba mtu hawezi kueleweka akiwa peke yake. Utu wake unasimama juu ya jamii, na jamii hiyo inawajumuisha waliokufa na ambao hawajazaliwa. Ukilikubali hilo, hata kwa nusu, basi mahitaji nayo hayapimwi kwa kumuuliza mtu mmoja mmoja kama ameridhika. Mtumiaji anaweza kuridhika kabisa na hali ambayo jamii yake haitaimudu. Na ambaye hajazaliwa ana haki yake pia: rekodi ya shamba au ya kliniki inayohifadhiwa leo kwa muundo ambao programu ya kampuni moja tu inaufungua, yeye ndiye atakayeikuta imefungwa.

Kuna atakayenigeuzia Mbiti. Ikiwa jamii ndiyo kwanza, atasema, basi jamii na iwe na mfumo mmoja, tusaidiane kwa urahisi, tuache kila mtu kuvuta kwake. Kazi ya Mbiti mwenyewe inajibu. Agano Jipya la Kikamba la wamishonari lilikuwepo tangu 1920, na Biblia nzima tangu 1956. Wakamba walibatizwa nalo, wakaoana nalo, wakazikwa nalo. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hawakuwa na Neno kwa lugha yao. Hata hivyo, Mbiti, uzeeni, akakaa na maandishi ya Kigiriki akatafsiri Agano Jipya upya. Muumini wa kijijini hahitaji tafsiri mbili ili asali. Lakini maadamu ilikuwepo moja tu, maamuzi ya wamishonari yalisomwa kama maneno ya Mungu, bila mshono kuonekana. Ya pili ilipokuja, ya kwanza haikufutwa. Ilionekana tu kuwa kazi ya watu, inayoweza kuulizwa. Mfumo endeshi ulio peke yake hupata utakatifu wa namna hiyo hiyo. Mtu hasemi "Windows inafanya hivi," husema "kompyuta inafanya hivi," na amri ya kampuni iliyo Marekani inageuka kuwa tabia ya vitu vyenyewe, kama jua kuchomoza.

Hiyo ni hoja ya akili. Kuna pia ya tumbo, na mkulima wa Mutomo au Kibwezi anaijua kuliko mhandisi. Shambani kwake hapandi mahindi matupu, hata kama ni ya Katumani, aina iliyozalishwa ili kukomaa mapema katika nchi kavu. Anachanganya kunde, ndengu, mbaazi, pengine mtama. Mvua ya vuli ikikatika kabla ya Desemba, mahindi yanakauka yakiwa bado kwenye maua, mbaazi yenye mzizi mrefu ikabaki kijani. Katika mwaka wa mvua nzuri anavuna mahindi machache kuliko jirani aliyepanda mahindi peke yake, na analijua hilo anapopanda. Tarehe 19 Julai 2024 dunia ya kompyuta ilikuwa shamba la jirani huyo. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili moja lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka kwenye skrini ya buluu. Zikiwashwa, zinaanguka tena. Ndege zilibaki chini, hospitali zikarudia kalamu na karatasi. Mac na Linux hazikuguswa. Ajabu ni kwamba mashine hizo zilikuwa chini ya asilimia 1 ya kompyuta zote za Windows. Hatari hii ilikuwa imekwisha kutajwa miaka 21 kabla, mwaka 2003, wakati mtaalamu wa usalama wa kompyuta Dan Geer na wenzake sita walipoandika ripoti kwamba kuitegemea Microsoft peke yake ni tishio kwa usalama. Geer alipoteza kazi yake. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na Microsoft kama mteja.

Watetezi wa Linux hupenda kuishia hapo. Si haki kuishia hapo. Machi 2024, miezi minne tu kabla ya mkasa wa CrowdStrike, iligunduliwa kwamba mtu alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa na karibu kila toleo la Linux. Aliyegundua ni Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia kwenye seva kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida akakataa kulipuuza. Freund ni mhandisi wa Microsoft. Kwa hiyo mfumo wa pili si mtakatifu kuliko wa kwanza, na anayeuhubiri kama wokovu amerudi kwenye mzaha wa Eco bila kucheka. Faida ya kuwa na mifumo mingi haitegemei mmoja wao kuwa safi. Inategemea kasoro zao kutokuwa zile zile, na kutojitokeza siku moja.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la kivinjari. Huduma za serikali ziko eCitizen, benki iko kwenye simu, barua ziko Gmail; mfumo endeshi umebaki kuwa mlango tu, na nani anajali mlango umetengenezwa na seremala gani? Hapa pana ukweli mwingi. M-PESA, tangu Machi 2007, iliishi kwenye laini ya simu yenyewe, ndiyo maana ilifika kwa mwenye kabambe Tseikuru sawasawa na mwenye simu ya bei Nairobi. Haikumuuliza mtu mfumo wa simu yake. Lakini tazama kilichofuata: utegemezi haukutoweka, ulipanda ghorofa moja, kutoka kwa mtengenezaji wa simu hadi kwa mwenye mtandao. Ndivyo ilivyo kwa kivinjari. Julai 2023, wiki chache baada ya serikali kutangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamia eCitizen, washambuliaji waliojiita Anonymous Sudan waliuelemea mtandao huo, na watu wakakwama wakitaka viza au tokeni za umeme. Siku ile haikusaidia kitu kuwa na Windows, Mac au Android. Anayesema kwamba mifumo haina maana tena amethibitisha jambo jingine: kwamba haja ya kuwa na njia ya pili imehamia pengine, wala haijafa. Wakaazi wa Makueni wana sababu ya pekee ya kuliona hili, kwa kuwa wingu tunaloambiwa halina mahali lina kipande chake Konza, kwenye ardhi iliyokuwa ranchi ya Malili, ambako Rais Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013 na ambako sasa pana Kituo cha Kitaifa cha Data.

Isitoshe, mlango bado haujawa mlango tu. Kwa miaka mingi ritani ya kodi kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya mapato KRA, kwa wengi imekuwa jedwali la Excel lenye makro. Unalipakua, unaziruhusu makro zifanye kazi, unajaza kurasa, kisha unabonyeza kitufe cha kuhakiki ili litoke faili la zipu la kupakia kwenye tovuti. Bila programu inayoelewa makro hizo, Juni 30 inakukuta na jedwali zuri lisilotoa chochote. KRA ilitoa pia fomu hiyo kwa muundo wa ODS, unaofunguliwa na LibreOffice, programu isiyolipiwa. Kitendo hicho kidogo cha ofisini kina uzito kuliko hotuba nyingi za uhuru wa kidijitali: serikali ilikiri kwamba raia hapaswi kununua bidhaa ya kampuni fulani ili atimize wajibu wake wa kisheria.

Turudi kwenye gharama, maana ndiyo hoja ya mhudumu wetu wa saiba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, ikabakiza nyongeza ya mwaka mmoja kwa masharti. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Laptopu nyingi za mtumba za ex-UK zinazouzwa madukani kwetu ni nzee kuliko hapo. Mashine ni nzima, skrini nzima, lakini imehukumiwa. Mwenye mfumo mmoja ana njia tatu: anunue nyingine, abaki bila kinga, au asakinishe Windows 11 kinyemela kwa mbinu za fundi. Mwenye fundi anayejua Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, ana ya nne, na haimgharimu leseni. Thamani ya ujuzi huo haikuonekana mwaka 2020, kama mbaazi isivyohesabiwa mvua ikiwa nzuri. Ndiyo sababu ni makosa kuupima mfumo wa pili kwa idadi ya wanaoutumia leo.

Hata asiyeugusa kamwe amefaidika nao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Miaka hiyo hiyo Microsoft nayo ikaleta Windows na Office kwa Kiswahili. Siwezi kusoma nia za kampuni, ila najua kampuni haiharakishwi na mteja asiye na pa kwenda. Kwa lugha ndogo tofauti ni kubwa zaidi. Anayeandika Kikamba anahitaji ĩ na ũ. Katika orodha ya kibodi za Linux imo ya Kenya, na ndani yake aina ya Kikuyu yenye herufi hizo hizo. Iliandikwa na mtu aliyeona upungufu akauziba, bila kumthibitishia yeyote kwamba Wakikuyu au Wakamba ni soko la kutosha.

Kinachotakiwa basi ni kidogo kuliko wanachohofia wapinzani. Hakuna haja ya saiba ya Mwingi kuwa na mifumo miwili mezani. Inatosha waraka wa kaunti ufunguke popote, maabara ya shule iwe na mashine chache zisizofanana na nyingine, na vijana wa chuo kikuu cha SEKU, Kwa Vonza, wahitimu wakiwa wamewahi kurekebisha mfumo usiokuwa ule wa kawaida. Makueni imejipatia sifa kwa ushirikishaji wa umma unaoanzia kijijini, ambako watu huchagua kama fedha ziende kwenye bwawa, barabara au zahanati. Zabuni ya kompyuta inayotaja jina la mfumo badala ya kutaja kazi inayotakiwa ni uamuzi wa aina hiyo hiyo, unaofunga miaka kumi ya watu ambao wengine bado hawajaingia shule, ila kwa sasa unapita kama mambo ya mafundi.