Mafahali wa Wote

Mafahali wawili, twaambiwa tangu utotoni, hawakai zizi moja. Waliotunga Katiba ya Kenya ya 2010 waliijua methali hiyo, kisha wakajenga mazizi arobaini na saba na kuwafungia mafahali humo kusudi: gavana wa kutenda, bunge la kaunti la kumchunga. Mjini Wote, makao makuu ya Makueni, zizi hilo nusura livunjwe na wenyewe.

Profesa Kivutha Kibwana, mwanasheria aliyepigania katiba mpya tangu miaka ya 1990, alichaguliwa gavana mwaka 2013. Wawakilishi wa wadi 30, yaani MCA, walichaguliwa siku ileile, na wapiga kura walewale, kwa ahadi ileile ya maji. Wakati wa kiangazi, mama wa huko hufukua mchanga wa mto mkavu, akasubiri maji yachuje kidogo kidogo shimoni, akateka kwa kata hadi mtungi wa lita 20 ujae, ndipo ampakie punda. Kila mwanasiasa wa Makueni alitaka kumpunguzia adha hiyo.

Walitofautiana katika namna ya kuongoza. Profesa alitaka kijiji kikae, kijadili, kichague mradi wake, na serikali ifuate. MCA naye alijua kwamba mwenye shida ya bomba au karo anabisha mlango wake yeye, si wa profesa; alitaka mradi anaoweza kuuonyesha kwa kidole na kusema, huu nimeleta mimi. Wengi huisimulia habari hii kana kwamba upande mmoja ulikuwa wa malaika. Sikubaliani nao. Gavana akimwendea mwananchi moja kwa moja kila siku, mwakilishi wa mwananchi huyo abaki na kazi gani?

Bajeti ikawa uwanja wa vita. Gavana alishikilia kwamba bunge linajitengea fedha nyingi. Bunge likashikilia kwamba linadharauliwa. Mmoja akawakimbilia wananchi, wengine wakajikinga kwa wingi wao ukumbini. Septemba 2014 risasi zikafyatuliwa kwenye majengo ya bunge la kaunti, na watu kadhaa wakajeruhiwa, akiwamo mkuu wa wafanyakazi wa gavana.

Kilichofuata kinanitisha kuliko risasi. Wakazi walikusanya sahihi za kumwomba Rais aisimamishe kaunti yao wenyewe, kama Kifungu cha 192 cha Katiba kinavyoruhusu, na gavana akaunga mkono. Watu waliosubiri ugatuzi miaka hamsini walikuwa tayari kuurudisha Nairobi kwa sababu viongozi wao hawasemezani! Tume ya kuchunguza ugomvi huo, iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa, mafahali wakabaki zizini.

Mwaka 2017 wapiga kura walimrudisha Kibwana na kuwatuma nyumbani wengi wa waliopambana naye. Katika muhula huo wa pili kaunti nyingine zilituma wajumbe Wote kujifunza: kiwanda cha maembe cha Kalamba, bima ya afya ya MakueniCare kwa shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka. Lakini ushindi huo usitufumbe macho. Kiu ya mama wa mtungi haikuingoja miradi iliyokwama wakati wa ugomvi. Yeye alizidi kuchimba.

Jirani zao wa Kitui walionja uchungu huo kwa njia nyingine. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Kitui, yenye nia hiyohiyo ya kuokoa mito na miti, ilipata amri: Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga kwenda nje ya kaunti. Mwezi uliofuata lori la makaa likateketezwa Kanyonyoni, na wafanyabiashara wa Limuru wakafunga barabara kuu kulalamikia uchomaji huo. Kufikia 2020 bunge la Kitui lilikuwa linatafuta kumng'oa gavana, na mahakama ikaombwa kuingilia.

Mwaka 2027 utapewa karatasi sita za kura. Kabla hujamwekea alama anayetaka ugavana au uwakilishi wa wadi, mwulize ni mpinzani gani aliyewahi kukaa naye mezani, na walitoka na nini. Akikosa jibu, mpe kura yako mwingine.