Waipa ya Kushoto

Mwanzoni mwa misa sisi Wakatoliki tunaungama dhambi za mawazo, za maneno na za vitendo, kisha tunataja ile ya kutotimiza wajibu. Hiyo ya nne huwa tunaimaliza mbiombio, kana kwamba imewekwa pale kujazia nafasi. Mimi ni katekista siku za Jumapili na dereva wa Coaster siku nyingine, njia ya Morogoro na Iringa, na naamini hiyo ya nne ndiyo dhambi kubwa ya madereva. Ukitaka kuiona, nenda stendi yoyote mwezi wa Oktoba, inua mkono wa waipa ya kushoto, upitishe kidole kwenye mpira.

Kwetu huko mvua hukatika miezi mingi. Tangu Juni mpira umelala juu ya kioo cha moto, na aliyepita Ruaha Mbuyuni saa nane mchana anajua moto gani nasema. Jua linaukausha, unakakamaa, ncha inachanika au inapinda upande mmoja na kubaki hivyo. Juu yake linaganda vumbi na moshi wa malori. Mvua ya kwanza ikishuka, waipa hailifuti tope lile, inalisambaza. Na wewe uko Kitonga, kona juu ya kona, lori la mbele linapanda kwa kujikongoja, na kioo kimekuwa kama kimepakwa uji.

Matunzo yenyewe hayahitaji fundi. Chukua kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ufute ncha ya mpira mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi. Mafuta ya taa na petroli achana navyo. Mpira utang'aa siku ya kwanza, halafu utaharibika. Tangi la maji ya kioo lisikae tupu. Usiwashe waipa juu ya vumbi kavu, maana mchanga unakwaruza kioo na mkwaruzo haupotei. Mpira ukichanika, badilisha. Basi.

Lakini madereva wengi ninaowajua hubadilisha mpira mmoja tu, wa kulia, ule ulio mbele ya usukani. Wa kushoto unaachwa, kwa sababu konda haendeshi. Nimeyasikia hayo kwa watu wa sala, wenye rozari inayoning'inia kwenye kioo cha ndani. Kwa upande wa pesa hesabu yao haina kosa. Ila Tanzania tunaendesha kushoto, na ukingo wa kushoto ndiko anakopita mwenye baiskeli na gunia lake la mkaa, mama mwenye ndoo, na watoto wa shule waliojifunika mifuko ya nailoni wasilowe, ambao kwa kelele za mvua juu ya mifuko hiyo hata gari hawalisikii. Waipa ya kulia inanilinda mimi. Ya kushoto inamlinda mtu nisiyemjua jina.

Mwanasheria alipomuuliza Yesu jirani yake ni nani, alijibiwa kwa habari ya barabarani: mtu kaachwa kando ya njia iendayo Yeriko, kuhani akapita, Mlawi akapita. Watoto wa kipaimara huwakasirikia sana wale wawili, kwa kuwa walimwona. Mimi huwauliza: na ambaye angempita bila kumwona, kwa sababu hakutunza kioo chake? Daima hupatikana mmoja wa kusema huyo hana kosa, hakuona. Hapo ndipo somo linapoanza. Kuna kutoona kunakoletwa na ukungu wa Kitonga, ambao hakuna binadamu aliyeuita. Na kuna kutoona tulikokuandaa wenyewe, wiki kwa wiki, kwa kusema mpira nitanunua mwisho wa mwezi.

Wenzangu hunijibu kwamba hata mwenye gari jipya anakufa. Siku ikifika imefika. Ni kweli, wala sihubiri kwamba mpira mpya unaongeza siku za mtu. Ila imani hii ina tabia ya kujitokeza baada ya ajali, tena anayehusika huwa ni marehemu. Sijamsikia dereva akiondoka stendi na tangi tupu kwa kuwa Mungu akipenda gari litafika. Kwenye dizeli tunajihimu, kwenye kioo cha kushoto tunamwachia Mungu. Kisha damu ikimwagika tunasema amependa Yeye. Kwa maoni yangu huko ni kulitaja bure jina lake, na amri ya pili inatuhusu.

Mmarekani Mary Anderson, aliyepata hataza ya kifaa cha kufuta kioo mwaka 1903, husimuliwa kuwa wazo lilimjia akiwa abiria kwenye tramu jijini New York, wakati wa baridi kali, dereva akihangaika kuona mbele. Hakuwa dereva, hakuwa fundi. Alikuwa amekaa tu kwenye kiti chake, na jambo lile likamhusu.

Kwa hiyo wewe unayepanda gari letu, kabla hujafumba macho kwa sala ya safari, itazame kwanza waipa ya kushoto. Ukiona mpira umechanika, mwambie dereva, tena kwa sauti abiria wote wasikie. Atanuna. Mwambie hivyo hivyo.