Je, Ni Haki Kusomea Nyumba za Kale?

Wasomaji wetu, mara nyingi sisi walimu huulizwa na wazazi: kijana akisha kumaliza chuo kikuu na kupata shahada yake ya kwanza, asome nini tena? Mzazi hutaja udaktari, au sheria, au kilimo. Lakini kijana akijibu kwamba ataka shahada ya pili katika kuhifadhi majengo ya kale, baraza zima hunyamaza. Kisha mzee mmoja huuliza, "Mwanangu, hata kuta mbovu nazo husomewa?"

Swali la mzee si la kudharauliwa. Hapa Magoma, chini ya milima ya Usambara, fedha ya karo hutoka katika jembe na katika mkonge. Wako wajane ambao paa zao zavuja. Je, ni haki jamaa wamtoe mtoto wao akajifunze kutunza nyumba za waliokufa, hali walio hai hawana nyumba njema? Tumelifikiri jambo hili, nasi twapenda kusema tulivyoona.

Kwanza, sote twaijua mithali isemayo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mithali yatuambia tuzibe. Haituambii tuzibe kwa kitu gani. Hapo ndipo elimu inapoingia. Nyumba za kale za pwani, tangu Kilwa hata Lamu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe yalipangwa juu ya kuni yakachomwa, chokaa ikazimwa kwa maji, ikachanganywa na mchanga. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu wakati wa mvua, kisha huutoa tena jua likiwaka, kama mtu atokwavyo na jasho. Basi huja fundi mwenye nia njema, akauona ufa, akaupaka saruji. Saruji ni ngumu, tena huzuia unyevu kutoka. Maji yakisha kuingia hayana njia. Chumvi hula mawe, na boriti za mikoko huoza vichwa vyake ndani ya ukuta. Kwa nje lipu yang'aa, kwa ndani ukuta umekuwa unga. Kuta zetu za udongo nazo hupatwa na mambo hayo hayo. Aliyeuziba ufa ndiye aliyeuangusha ukuta, wala hakujua.

Tena kuanguka kwa nyumba si hasara ya mawe tu. Beit al-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa imechoka kwa miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa kazi ya kuitengeneza, sehemu kubwa ya upande wa mbele ilianguka, na watu wawili wakafa. Hatusemi ni kosa la nani. Twasema tu kwamba mwenye kuishika nyumba iliyochoka ameshika maisha ya watu mkononi mwake. Basi ajifunzaye kuijua nyumba ya wafu, ajifunza pia kuwalinda walio hai.

Lakini liko jambo la pili, zito kuliko chokaa. Huko huko Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa hapo jiwe la msingi la kanisa kuu, ambalo Askofu Edward Steere alilisimamia kulijenga. Ndani yake ziko nguzo ambazo, kama watu wanavyosimulia, mafundi walizisimamisha juu chini Askofu alipokuwa safarini. Naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Hata leo zasimama hivyo.

Je, kanisa likitengenezwa, nguzo zile zigeuzwe? Moyo wa binadamu hupenda kusahihisha. Walakini elimu hii humfundisha mtu kuuzuia mkono wake. Nguzo zile ni mwandiko wa mafundi ambao majina yao hatunayo. Ukizigeuza, umefuta ushuhuda wao. Wataalamu waliokutana Venice mwaka 1964 walipatana kwamba kazi ya kulirudisha jengo katika hali yake ya kwanza yapasa kukoma pale kukisia kunapoanza. Mtu asijenge uongo mzuri mahali pa kweli iliyochakaa.

Pengine mtu atasema: mahali pa aibu kama soko lile pangefutwa kabisa. Sisi twaona sivyo. Aliyeuzwa pale hana kaburi tunalolijua. Pakifutwa mahali pale, atakuwa ameuzwa mara ya pili. Na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 iliamriwa na Wadachi, lakini jasho lililomwagika lilikuwa la watu wengi wa nchi hii. Jengo halina mwenyewe mmoja. Ni la aliyeliamuru, na la aliyebeba mawe, na la mtoto ambaye bado hajazaliwa. Sisi tulio hai tu waangalizi.

Je, basi mzee wetu alikosa? La, hakukosa kabisa. Ipo hatari kwamba mwenye shahada atarudi na kiburi. Mafunzo ya namna hii yamefundishwa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza. Walakini mwanafunzi akirudi asipokaa kitako kwa mwashi mzee ajuaye chokaa kwa vidole, elimu yake itakuwa nusu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalihesabiwa kuwa hatarini katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 2004, yakaondolewa katika hatari mwaka 2014. Na katika kazi ile wenyeji walishika mwiko na chokaa pamoja na wataalamu. Tena akizitunza kumbi za masultani, na ukuta wa mama yake unaliwa na maji ya mvua asiutazame, hapo mzee atakuwa ameshinda.

Basi jibu letu ni hili: ni haki kusomea nyumba za kale, ikiwa msomi huyo ataitumia elimu yake kwa ajili ya walio hai. Nasi tusio na shahada hiyo tuna fungu letu. Kabla hamjavunja nyumba ya wazee wenu, au kuipaka saruji, ulizaneni barazani maneno matatu: Nani aliijenga? Ufa huu umetoka wapi? Nasi tutauziba kwa kitu gani? Kijiji kiulizacho hivyo kimekwisha kuanza somo lile, hata kama hakuna aliyekwenda Ulaya.