Hatia ya Sikio

Je, asiyejua ana hatia? Wengi wetu tutajibu haraka: hana. Mtoto mchanga akishika kaa la moto humchapi, unampuliza kidole. Lakini jibu hilo ni jepesi mno, na leo, ndugu msomaji, nataka tulipime kwa kutumia ua.

Ua lenyewe si la kwetu. Humea mashariki mwa Marekani, msituni, penye kivuli. Ni la ukoo mmoja na alizeti, ingawa ukiliona huwezi kudhani. Alizeti hujitangaza, hili lina vichwa vidogo vidogo vyeupe, kama pamba iliyochambuliwa. Wataalamu huliita Ageratina altissima, na neno hilo la pili ni Kilatini, maana yake "refu kupita yote". Mmea wake hufikia mita moja na zaidi, ukachanua mwishoni mwa majira yao ya joto, wakati ambapo malisho yanaweza kuwa yamekauka.

Basi ng'ombe wa walowezi walikosa majani, wakaingia msituni wakaula. Kumbe una sumu. Mnyama hutetemeka, huanguka, hufa. Lakini ng'ombe anayekamuliwa aweza kukaa siku kadhaa bila dalili, kwa kuwa sumu inamtoka pamoja na maziwa. Ndama ananyonya, anakufa. Watu wanakunywa, wanatapika, wanaishiwa nguvu, wanakufa. Waliuita ugonjwa wa maziwa. Tarehe 5 Oktoba 1818, huko Indiana, Nancy Hanks Lincoln alifariki kwa ugonjwa huo akiwa na miaka 34. Mwanawe Abraham, aliyekuja kuwa Rais wa nchi hiyo, alikuwa na miaka 9.

Sasa tumhukumu nani? Ua? Ua halina nia. Ng'ombe? Yule anatoa alichonacho, tena kwa kutoa anajiponya bila kujua. Mama aliyemjazia mwanawe kikombe? Mwenye moyo wa kumlaumu na ajitokeze. Hapa kweli kutojua ni kinga.

Ila mambo hayakuishia hapo. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1830, kusini mwa Illinois, mkunga na tabibu aitwaye Anna Bixby aliwafuata ng'ombe msituni aone wanakula nini. Akakutana na mwanamke mzee wa Kishawnee, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi ile, naye akamwonyesha mmea: ni huu. Anna akamlisha ndama, ndama akatetemeka. Akawaambia majirani, wakaanza kuung'oa. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo mkulima wa Ohio, John Rowe, naye akatangaza jambo lile lile.

Na mabingwa je? Walipuuza. Huyu alisema ni hewa mbaya, yule akasema ni madini yenye sumu. Ikapita karibu miaka 90, hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, ndipo mkemia wa serikali, James Couch, alipoitoa sumu hiyo ndani ya mmea na jambo likakubalika.

Jina la yule mwanamke Mshawnee hatulijui. Sheria ya kuwahamisha watu kama yeye kutoka ardhi yao ilitiwa saini mwaka 1830. Yaani walikuwa wanamfukuza jirani mwenye jibu la msiba wao!

Najua kuna rafiki atanibishia: "Aa, bwana, kwa hiyo tuamini kila anachosema bibi?" Hapana. Mmea huu huu kule una jina lenye maana ya mzizi mweupe wa nyoka, kwa sababu watu waliamini kuwa mzizi wake hutibu aliyeumwa na nyoka. Hakuna ushahidi kwamba unatibu. Neno haliwi kweli eti kwa sababu limetoka kwa mzee. Lakini pia haliwi uongo kwa sababu aliyelisema hana cheti. Njia ni ile ya Anna: sikia, kisha pima. Asiyesikia hana hata cha kupima.

Kwa hiyo kutojua kuko kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa ng'ombe na kwa mama mwenye kikombe; huko hakuna hatia. Na kuna kutojua kwa mtu aliyeambiwa, akamtazama msemaji juu mpaka chini, akaona hana hadhi ya kusikilizwa. Huko ni kutotaka kujua, na sisi vijana tuliokaa madarasani tunakuzoea upesi.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lakini safari hii waliokufa si wenye masikio hayo. Walikufa wanywaji wa maziwa, na watoto wakiwemo.