Bastola ya Mfukoni na Haki ya Jirani Kujua

Kuna bastola ambayo umbo lake lote limetokana na mfuko wa koti. Mwaka 1955 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa rivolva ndogo iliyoitwa Bodyguard, yaani mlinzi wa mtu. Silinda yake inachukua risasi 5 tu, mtutu wake hauzidi inchi 2, na mwili wake ni wa aluminiamu ili isilemee nguo. Toleo la chuma likafuata mwaka 1959. Katika rivolva ya kawaida, nyundo inayogonga risasi huchomoza nyuma kama kipembe, na kipembe hicho hunasa kwenye bitana mtu anapoitoa bastola kwa haraka. Mafundi wa Bodyguard waliupandisha mwili wa bastola pande zote mbili hadi nyundo ikafunikwa, ikaonekana kana kwamba ina kibyongo. Wakaacha mwanya mwembamba kwa juu, ambamo kidole gumba kinaweza kuifikia nyundo. Kampuni ya Colt nayo iliuza kifuniko cha nyundo cha kufunga kwa skrubu kwenye bastola zake ndogo.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu swali la insha hii limo ndani ya chuma chenyewe. Mtutu ulifupishwa, nyundo ikafunikwa, uzito ukapunguzwa, na yote hayo yalifanywa ili aliye karibu asijue. Je, ni haki kutembea kati ya watu ukiwa na uwezo wa kuwaua, wao wasijue? Na yule anayezikusanya bastola hizi kabatini, azipangusaye mafuta na kuzilinganisha, yuko nje ya swali hilo au yumo?

Huenda msomaji akashangaa kwamba Wamarekani wenyewe, kwa muda mrefu, walijibu swali la kwanza kwa kusema hapana. Kentucky na Louisiana zilipiga marufuku kubeba silaha kwa kificho mwaka 1813. Mwaka 1850, katika kesi ya State v. Chandler, mahakama ya juu ya Louisiana iliunga mkono katazo hilo. Hoja yake ilikuwa ya kimaadili kuliko ya kisheria: muungwana akibeba silaha huibeba waziwazi, na anayeificha anajitafutia faida ya siri dhidi ya mwenzake na kukaribia mauaji ya hila. Silaha haikuwa aibu. Aibu ilikuwa kuificha. Msomaji wa pwani au wa Oman ataielewa fikra hiyo bila kufundishwa, kwa kuwa jambia huvaliwa mbele ya tumbo, pale pale jicho la mgeni linapotua, na bendera ya Oman imelichora. Jambia likifichwa chini ya kanzu hubadilika maana siku hiyo hiyo.

Leo hali Marekani imegeuka juu chini. Zaidi ya nusu ya majimbo huruhusu mtu mzima asiye na zuio la kisheria kubeba bastola iliyofichwa bila kibali chochote, na Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka kwamba Katiba inalinda haki ya raia kubeba bastola nje ya nyumba yake. Anayeonekana leo kuwa hana adabu ni yule anayeingia dukani na bunduki begani. Aliyeificha ndiye mstaarabu, kwa kuwa hamtishi mtu.

Hoja hii ya adabu si ya kupuuzwa. Mbebaji anasema: mimi sitaki kumtisha mama mwenye mtoto kwenye foleni. Bastola yangu ni kama kizima moto ndani ya gari. Huhitaji kukiona mpaka siku ya moto. Tena anaongeza kwamba kificho chake kinawalinda hata wasio na silaha, kwa sababu mwizi hawezi kujua nani anayo na nani hana.

Nadhani sehemu ya pili ya hoja hiyo inaiua ya kwanza. Kama kificho kinawalinda wote kwa sababu mwizi anamshuku kila mtu, basi si mwizi peke yake atakayeshuku. Polisi naye atashuku, mwenye duka atashuku, dereva aliyegongwa ubavuni atamtazama mwenzake mikono. Hofu ambayo mbebaji alisema anamwepushia mama wa kwenye foleni haikuondoka; imegawanywa, kila mtu akapewa kipande. Na vipande havikugawanywa sawasawa. Julai 2016, katika jimbo la Minnesota, Philando Castile, Mmarekani mweusi aliyefanya kazi ya kuwaandalia chakula watoto wa shule, alisimamishwa na polisi akiwa ndani ya gari. Alikuwa na kibali cha kubeba. Alimwambia askari kwa upole kwamba ana bastola. Askari akampiga risasi, akafa. Mwaka uliofuata juri ilimwona askari hana hatia. Mtu huyu alifanya hasa kile ambacho maadili ya kificho yanamtaka mbebaji mwema akifanye: alifichua mwenyewe, kwa hiari, kwa maneno. Wapo watakaosema kosa ni la askari na la ubaguzi wa rangi, wala si la kubeba silaha. Nakubali kuhusu ubaguzi. Lakini desturi inayomfanya kila mfuko ushukiwe hailetwi katika nchi isiyo na historia, na anayeitetea hawezi kujifanya hajui ni mifuko ya nani itakayoshukiwa kwanza.

Wenzetu wanaosoma falsafa watakuwa tayari wamemkumbuka Gyges, mchungaji wa katika Jamhuri ya Plato, aliyepata pete ya kumfanya asionekane, akaitumia kumuua mfalme. Mfano huo hauingii vizuri hapa kama unavyodhaniwa. Pete ilimficha mtendaji. Bastola ya mfukoni haimfichi aliyeifyatua. Mlio wake husikika na watu hugeuka. Inachoficha ni uwezo, kabla ya tendo. Mfano unaofaa zaidi uko katika kitabu cha kwanza cha kazi hiyo hiyo, ambapo Socrates anauliza kama ni haki kumrudishia rafiki silaha aliyokuwekesha akiwa na akili timamu, ikiwa sasa amerukwa na akili. Silaha ni mali yake, hakuna anayebisha. Hata hivyo si haki kumpa, kwa sababu aliyeweka na anayedai si mtu yule yule. Sasa fikiria mtu anayejiwekea silaha mwenyewe, kila asubuhi, mfukoni. Anajikabidhi kwa yule atakayekuwa saa kumi jioni, baada ya matusi barabarani au barua ya kufukuzwa kazi. Mbebaji hutoa ahadi juu ya mtu ambaye bado hajakutana naye, na sisi tulio karibu ndio dhamana ya ahadi hiyo bila kuulizwa.

Jack Ruby alikuwa na klabu ya usiku mjini Dallas, na alizoea kubeba bastola kwa sababu alitembea na fedha za mauzo. Ni sababu ambayo mfanyabiashara yeyote wa Kampala au Bukavu ataielewa. Tarehe 24 Novemba 1963 alikwenda kumtumia mfanyakazi wake fedha kwa telegrafu, dola 25. Dakika chache baadaye alikuwa katika ghorofa ya chini ya makao ya polisi, akachomoa Colt Cobra yenye kifuniko cha nyundo na kumpiga risasi Lee Harvey Oswald mbele ya kamera. Watu wangali wanabishana kama alikusudia tangu mwanzo. Kwa hoja yangu haidhuru. Kama alikusudia, kificho kilimpitisha katikati ya askari. Kama hakukusudia, basi bastola ya kulindia mauzo ilikuwa mfukoni wakati hasira ilipofika.

Uadilifu unanilazimisha kutaja picha ya pili, inayokwenda kinyume na mimi. Tarehe 1 Februari 1968 mpiga picha Eddie Adams alimnasa Nguyễn Ngọc Loan, mkuu wa polisi wa Vietnam Kusini, akimpiga risasi ya kichwa mfungwa aliyefungwa mikono katika mtaa wa Saigon. Bastola aliyoshika ni Bodyguard, ile ile ya kibyongo. Hapo hapakuwa na kificho chochote: mkono umenyooshwa, mchana kweupe. Picha hii inatuzuia kudhani kwamba uwazi ni wema. Silaha ya wazi inaweza kuua vibaya kuliko ya siri, na huku kwetu Kampala, ambako mlinzi wa benki, na hata wa duka la vyakula, hukaa mlangoni na bunduki mapajani, hakuna aliyetuuliza kama tunaridhia. (Kiswahili chenyewe kilichukiwa na wengi nchini mwetu kwa sababu walikisikia kwanza kutoka kwa watu waliowaelekezea bunduki.) Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Bunduki ya mlinzi naiona, na nikitaka naweza kuvuka barabara. Ya mfukoni imenipokonya hata hatua hiyo ndogo. Mithali yetu ya kikulacho ki nguoni mwako kwa kawaida tunaitumia kwa ndugu wasaliti. Tukiisoma neno kwa neno, inamfaa mbebaji pia.

Vipi basi kuhusu mkusanyaji? Hapa hukumu yangu ni nyepesi zaidi, na najua baadhi ya wenzangu darasani hawatanifuata. Mkusanyaji wa kweli wa rivolva hizi anahesabu skrubu za toleo la kwanza, anatafuta sanduku la kadibodi la asili, anajua tofauti ya rangi ya samawati ya kiwandani na ile iliyopakwa upya. Anapenda jinsi fundi alivyotatua tatizo gumu katika nafasi ndogo. Sioni tofauti kubwa kati yake na anayekusanya majambia au saa za zamani. Bastola iliyo kabatini kwake, tupu na kwa kufuli, imestaafu. Kinachonisumbua ni bei. Mwaka 1991 bastola ya Ruby iliuzwa kwa mnada kwa dola 220,000. Chuma chake hakikuwa bora kuliko cha Colt Cobra nyingine. Kilichonunuliwa ni ile sekunde moja ya kifo cha mtu. Pale mkusanyaji ameacha kupenda kazi ya fundi na kuanza kupenda kitu kingine, ambacho sitaki kukitafutia jina zuri.

Wapo wanaofanya yote mawili, wakusanyao na kubeba, na husema kwamba chombo kisichotumika kimekufa. Kwa shoka au cherehani, sawa. Ila mwenye bastola ya kujilinda huomba kila siku asiitumie. Hivyo sifa ya chombo kinachofanya kazi hawezi kuidai bila kutamani, walau kwa mbali, ile siku. Simzungumzii mwanamke anayewindwa na mume aliyeapa kumuua. Yeye anajua anamwogopa nani, na mimi singemwambia aache. Namzungumzia mtu mwenye amani, mtaa wenye amani, anayechagua asubuhi ni ipi kati ya tano aendane nayo, kama mwingine anavyochagua viatu.

Katika jimbo la Texas sheria inamruhusu mwenye mgahawa kubandika tangazo mlangoni, kwa Kiingereza na Kihispania, linalokataza kuingia na bastola iliyofichwa. Sheria hata imetaja ukubwa wa herufi. Lakini mlangoni hapo hakuna anayepapasa mifuko ya wateja. Na hapo ndipo Gyges, niliyemwondoa mapema, anaporudi na haki yake. Mtu mwenye Bodyguard mfukoni anasoma tangazo, nyuma yake kuna familia inasubiri meza. Akirudi garini kuiacha, watadhani amesahau simu. Akiingia nayo, wataketi meza ya pili, watamwomba awapitishie chumvi.