Je, Majani ya Kilimani Yana Haki?

Mtu akikata majani ya kuezekea nyumba yake hatendi dhambi. Akilisha mbuzi wake kilimani hatendi dhambi. Hata akichimba kilima apate shaba ya kuuza, watoto wapate bukari, hakuna padre atakayemwambia aje kuungama kwa sababu hiyo peke yake. Majani si mtu. Hayana roho ya milele, hayasali wala hayanung'uniki. Basi, watu wanaosema kwamba majani ya mahali fulani yahifadhiwe, na kwamba mwenye kufika pale atazame tu, kisha arudi mikono mitupu, je, wanasema kweli? Au ni maneno ya watu walioshiba?

Sisi wa Kakanda hatuwezi kulipita swali hili, maana tunakaa ndani yake. Msafiri atokaye Likasi kuja kwetu huvuka msitu wa miombo, mti kwa mti, mara huona mbele yake kilima kisicho na mti, majani matupu toka chini hata kileleni. Mgeni hudhani kuna watu waliokata kuni na makala wakakimaliza. Sivyo. Udongo wa kilima kile umejaa shaba, na kwa mizizi ya miti shaba nyingi ni sumu. Imebaki mimea iliyozoea tu. Vilima vya namna hii katika Katanga, toka upande wa Lubumbashi mpaka Kolwezi, wataalamu wamehesabu zaidi ya 160, na vingi ni vidogo. Juu yake wameandika aina za mimea zipatazo 600, na katika hizo zaidi ya 30 hazioti po pote duniani isipokuwa katika udongo huu wa shaba wa kwetu.

Liko ua moja dogo la rangi ya zambarau, jamaa ya kivumbasi. Jina lake la kitaalamu ni Haumaniastrum katangense, lakini watu wa migodi waliliita ua la shaba. Hupenda mahali ambapo udongo wenye shaba umekwisha kuvurugwa. Wazee wetu wa zamani waliyeyusha yale mawe ya kijani katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakafanya misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya nchi hii kabla ya franga. Tanuru zimebomoka na majina ya wafuaji yamesahauliwa, lakini ua limekaa palepale. Na wataalamu wa mambo ya kale, wakilifuata, wamevumbua mahali pa kazi ile. Hata Wazungu waliotafuta madini kabla na baada ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906 walikuwa wakitazama kwanza vilima vipara. Mimea iliwaonyesha watu shaba, na malipo yake yamekuwa kung'olewa.

Nimepanda kilima kimoja cha jirani mara kadhaa pamoja na vijana wa katekesi. Mara ya kwanza waliniuliza: «Baba katekista, tunakwenda kuchuma nini?» Nikajibu: «Hatuchumi kitu.» Wakacheka sana, wengine wakatafuta udhuru. Lakini waliokuja walikaa mpaka jua likawa kali. Ilikuwa mwezi wa Septemba, baada ya mioto ya kiangazi, nchi nyeusi kama sufuria, mvua haijanyesha hata tone. Na juu ya majivu yale maua yalikwisha kutoka. Yametoa wapi maji? Kijana mmoja akavuta kimmea kisichofika kifundo cha mguu, hakikung'oka. Tukafukua pembeni, tukaona mti mzima umelala chini ya ardhi, mnene kama mkono wake, juu umetoa vijiti vitatu tu vya kupumulia. Tukaufunika tena. Tangu siku ile sisemi «majani matupu» nikitaka kumaanisha kwamba hakuna kitu. Katika nchi za namna hii majani ni paa, nyumba yenyewe iko chini.

Sasa nirudi kwenye hoja. Seminarini tulifundishwa kwamba haki ni kumpa kila mmoja kilicho chake. Jani halijui lililo lake, basi mwenye kusema kwamba majani yana haki kama mtu, amesema visivyo. Nakubali. Lakini kutoka hapo watu wengi huruka na kusema: kwa hiyo tufanye tupendavyo. Mrukio huo ndio mbovu. Nikiazima kinga ya jirani yangu, ile kinga haina haki yo yote juu yangu. Hata hivyo nikiivunja nina deni, maana ina mwenyewe. Mtakatifu Toma wa Akwino aliuliza kwa nini Mungu aliumba vitu vingi vya namna mbalimbali; akajibu kwamba wema wa Mungu hauwezi kuonyeshwa na kiumbe kimoja peke yake, na pale kimoja kinapopungukiwa kingine hujazia. Papa Fransisko alilikumbuka neno hilo katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015. Basi, kutumia ni kitu kimoja, kumaliza ni kingine. Ukikata majani, mwakani yataota. Ukiondoa kilima ambacho peke yake kina mmea fulani, umemnyamazisha shahidi mmoja wa wema ule, na hakuna mwingine wa kusema badala yake.

Wako wanaojibu: tutaihamisha mimea, tuchimbe, kisha tuipande tena. Hili nalo lipimwe vizuri. Katika amri ya saba tunafundisha kwamba aliyetwaa hana budi kurudisha. Huko Fungurume, jirani zetu, kampuni ya Tenke-Fungurume pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Gembloux huko Ubelgiji wamejaribu kukusanya mbegu, na kukata udongo pamoja na majani yake mabambamaba kama nyasi za kutandaza uwanja, na kuupeleka mahali pengine. Kazi hiyo naiheshimu, ni bora kuliko kutofanya neno. Lakini jamii nzima ya mimea, pamoja na miti ile ilalayo ardhini, haikubali kuhama kwa urahisi. Iliyohamishwa haiwi sawa na ya kwanza. Yaani hapa kurudisha kuna mpaka, na mwenye kujua kwamba hataweza kurudisha hana budi kufikiri mara mbili kabla ya kutwaa.

Mfano wa nchi nyingine utatusaidia. Jimbo la Illinois, huko Marekani, zaidi ya nusu yake ilikuwa mbuga ya majani marefu. Mwaka 1837 fundi John Deere alitengeneza jembe la chuma lililoweza kupasua udongo ule mzito, na kabla ya miaka mia kwisha mbuga ilikuwa imekuwa mashamba ya mahindi. Leo katika majani yale ya asili haikubaki hata sehemu moja katika elfu. Mwaka 1963 jimbo likafanya sheria ya kuhifadhi mabaki. Je, yalipatikana wapi? Kando ya reli, na katika makaburi ya wakulima wa kwanza! Hakuna aliyethubutu kupitisha jembe juu ya wafu, na hivi wafu ndio waliowatunzia wajukuu wao mimea ya nchi. Siku hizi watu hufunga safari kwenda kutazama makaburi hayo wakati wa maua.

Lakini ile hoja ya walioshiba sijaisahau, na ina nguvu. Upande wa kaskazini tunayo Upemba, hifadhi tangu mwaka 1939, penye nyanda za majani ambamo wamebaki punda milia wa mwisho wa Kongo. Desemba 2012 mkuu wake aliuawa na watu wenye silaha. Walinzi wanakufa, na wanakijiji wa pembeni wanakatazwa kuwinda. Huko Tanzania uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Kabla ya hapo wataalamu walikadiria kwamba viazi vya okidi milioni 2 hadi 4 kila mwaka vilikuwa vikipelekwa Zambia kufanywa chikanda. Chakula hicho hata sisi twakijua. Kikanda huuzwa katika masoko ya Katanga, navyo viazi vyake hutoka katika nyanda za majani kama zile za Kundelungu. Je, tumwendee mama anayeuza kikanda tumwambie kwamba anamaliza kazi ya Muumba, huku mashine kubwa zikipita nyuma yake kwenda kubomoa kilima kizima? Mimi nasema hapana. Sheria inayoanza na kikapu cha mama na kuishia hapo haina haki ndani yake, hata ikiwa maneno yake juu ya maua ni kweli. Kwanza aulizwe yule anayechukua kingi. Kisha mama naye aulizwe, lakini kama mtu mwenye maarifa. Maana nilipozungumza na mmoja wao alinieleza kiazi kipi hung'olewa na kipi huachwa ili bonde lisife, mambo ambayo sikuyasoma katika kitabu cho chote.

Vijana wanataka kwenda tena Septemba hii, safari hii kilimani na bondeni pia. Niliwashauri wamwombe yule mama awe mwalimu wao. Amekubali, ila anataka alipwe fedha za siku yake ya soko, na vijana wameanza kuchanga.