Jina la mtoto mwingine

Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Je, mtoto aliyezaliwa na mama mmoja, akalelewa na mwingine katika nchi ya mbali, amheshimu yupi? Wote wawili, twajibu upesi. Lakini awezaje, ikiwa mmoja amefichwa?

Mwaka 2000 Deann Borshay Liem alitoa sinema iitwayo First Person Plural. Si hadithi ya kubuniwa, ni maisha yake mwenyewe. Alizaliwa Korea ya Kusini, na mwaka 1966 akapelekwa California kwa watu waliokuwa wakimsaidia kwa fedha na barua msichana wa nyumba ya yatima, Cha Jung Hee. Walimpenda, wakaomba awe mtoto wao. Kumbe, baba yake Cha Jung Hee alikuwa amekwisha kuja kumchukua. Basi nyumba ile ikamtuma mwingine, Kang Ok Jin, kwa jina na karatasi za mwenziwe. Naye hakuwa yatima! Mama yake na ndugu zake walikuwa hai. Umaskini ndio uliomfikisha pale. Akaagizwa asiseme yeye ni nani.

Wazazi wa Marekani hawakujua lolote. Walimlea kwa upendo wa kweli, naye akasahau lugha yake, hata na mama yake. Alipokuwa mtu mzima kumbukumbu zikarudi, akawatafuta jamaa zake, akawapata. Ndipo alipowachukua wazazi wa Marekani mpaka Korea, mama wawili wakaketi pamoja mbele ya mashine ya sinema. Alipotaka kusema na mama aliyemzaa, ilimpasa mkalimani akae katikati. Katika sinema ya pili, ya mwaka 2010, alikwenda kumtafuta yule mwenye jina.

Wako watakaosema: analalamika nini? Alipata chakula, shule, na watu wa kumpenda. Ni kweli, na shukrani ni wajibu. Lakini anayemdai mtoto shukrani ili anyamaze, amesahau amri ya nane. Uongo ule haukumwibia mtoto peke yake. Wale wa Marekani nao walidanganywa, wakambembeleza mtoto wao kwa jina la mwingine. Binti Farao alimtoa Musa majini, akatenda mema; lakini Musa alinyonyeshwa na mama yake mwenyewe, na alipokua alitoka kwenda kuwaona ndugu zake.

Tusidhani mambo haya ni ya Korea tu. Tarehe 25 Septemba 2013 serikali yetu ya Kongo ilisimamisha ruhusa za kuwatoa nchini watoto waliotwaliwa na wageni, na jamaa nyingi za ng'ambo zilingoja kwa uchungu. Tena tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliihukumu Ubelgiji kwa ajili ya wanawake watano, watoto wa mama Waafrika na baba Wazungu. Wakati wa ukoloni walinyang'anywa mama zao wangali wadogo, wakawekwa Katende, katika Kasai, kwenye misioni ya masista. Misioni, ndugu zetu! Hatuwezi kuisoma habari hiyo kana kwamba ni ya watu wengine.

Katika kitabu cha ubatizo mna mahali pa jina la mama. Mara nyingine mlezi hutuambia kwa sauti ya chini: andika langu, mtoto asije akaumia. Twamfahamu, kwa maana ampenda. Hata hivyo twaishika kalamu na kumwuliza: aliyemzaa aitwa nani?